Nyumba Hii Haiuzwi

Mtu apitaye kwa miguu katika mitaa ya Magomeni, Kinondoni, Temeke au Mbagala, mjini Dar es Salaam, hakosi kuona maneno matatu yaliyoandikwa ukutani kwa rangi, aghalabu nyekundu, na aghalabu kwa mkono usiozoea brashi: NYUMBA HII HAIUZWI. Pengine juu yake huongezwa onyo fupi: OGOPA MATAPELI. Mgeni akiyaona hucheka. Katika miji mingi ya dunia tangazo hubandikwa penye nyumba inayouzwa, na nyumba isiyouzwa hukaa kimya. Dar es Salaam mambo yamegeuka: nyumba isiyouzwa ndiyo inayopaswa kujieleza kwa wapita njia.

Maandishi hayo hayatokani na mzaha. Huandikwa na mke ambaye mumewe amekwisha kuonekana na dalali kwenye kijiwe cha kahawa. Huandikwa na ndugu wadogo wasiomwamini kaka yao mkubwa, ambaye karatasi za marehemu baba yao zimo mkononi mwake. Huandikwa na mwenye nyumba aishiye mbali, asije akarudi siku moja akakuta mtu asiyemjua amelala chumbani mwake kwa hati aliyouziwa na mwongo. Asiye na fedha ya wakili ana kopo la rangi, na ukuta wake ndio mahakama yake.

Walakini ndani ya maneno hayo mna ukweli mkubwa kuliko ule uliokusudiwa na waandishi wake. Katika kila nyumba ya mtaani kuna sehemu iwezayo kuuzwa, nayo ni kuta, bati, milango na madirisha. Na kuna sehemu isiyoweza kuuzwa kwa haki, kwa sababu haikuwa ya muuzaji tangu mwanzo. Sehemu hiyo ya pili ni kazi ya majirani. Biashara ya nyumba iendeshwavyo sasa katika mitaa ya kando ya jiji huziuza sehemu zote mbili pamoja, fedha yote humwendea mtu mmoja, na aghalabu mnunuzi huiharibu ile ya pili siku ya kwanza akabidhiwapo ufunguo. Hili ni kosa, na halipungui kuwa kosa kwa kuwa limezoeleka.

Kwanza itazamwe nyumba yenyewe. Nyumba ya Kiswahili, ambayo ndiyo iliyolijenga jiji hili, ina vyumba vitatu upande huu na vitatu upande ule, na ukumbi mrefu katikati unaotoka mlango wa mbele hata uani. Uani mna jiko, choo, kamba za nguo na mara nyingi mti mmoja. Mbele mna baraza. Mwenye nyumba hukaa chumba kimoja au viwili, na vilivyobaki huvipangisha. Hivyo chini ya paa moja huweza kukaa Mzaramo, Mnyamwezi, Mchaga na Mmakonde, kila mmoja na mlango wake, lakini wote na ua mmoja. Ua ndio uliowafundisha zamu ya kufagia, zamu ya kuchota maji, na adabu ya kutosikia lisilokuhusu. Baraza nayo si ya mwenye nyumba peke yake. Mpita njia aliyechoka huketi. Mzee huchezea bao hapo. Kijana hungojea mwenzake. Mwenye msiba huwapokelea watu hapo. Kwa hati ni mali ya mtu mmoja, kwa matumizi ni mali ya mtaa. Wahenga walisema kwamba nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Kwa nyumba za mitaani methali hiyo yastahili kuongezwa upande wa pili: nyumba njema si vyumba, toka nje uone inakaa kati ya watu gani.

Wenye biashara husema kwamba bei ya nyumba huwekwa na soko. Kauli hiyo haimwambii mtu kitu mpaka aulize soko hutazama nini. Shahidi mwema wa jambo hili ni dalali mwenyewe. Na asikilizwe anapomwita mteja. Hasifu kuta, mara nyingi hukiri kwamba kuta zitabomolewa. Husema: iko karibu na barabara, maji hayakatiki, shule i jirani, zahanati haiko mbali, soko ni la kutembea kwa miguu, mtaa ni mtulivu na wezi hakuna. Katika sifa zote hizo hakuna hata moja iliyofanywa na anayeuza. Barabara ilijengwa kwa fedha ya watu wote. Shule ilichangiwa madawati na wazazi. Utulivu wa mtaa ulifanywa na kina mama wanaomjua kila mtoto na mzazi wake, na vijana waliokesha kwa ulinzi wa zamu. Dalali, pasipo kujua, ameusomea mnunuzi orodha ya vitu ambavyo havimo katika milki ya mteja wake, kisha akavitia bei.

Sinza ni mfano bora. Mtaa huo, pamoja na Kijitonyama na Mikocheni, ulitokana na mradi wa kupima viwanja na kuvipelekea huduma, uliofanywa na Serikali kwa msaada wa Benki ya Dunia katika miaka ya 1970. Nia ilikuwa kwamba mtu wa kipato kidogo apewe kiwanja kilichopimwa, chenye njia na maji, kisha ajenge kidogo kidogo kwa uwezo wake. Na katika ramani zikatengwa sehemu za shule, za matibabu na za soko. Wenyeji wa kwanza walijenga kwa mtindo huo, leo chumba, mwakani chumba. Mahali pakapata majina ambayo watu waliyatoa kwa kuishi: Madukani, Makaburini, Kumekucha, Palestina. Leo viwanja hivyo ni vya bei ambayo mtu wa kipato kidogo hawezi hata kuiuliza. Nyumba nyingi zimekuwa baa, nyumba za wageni na ofisi. Mpango uliokusudiwa kumpa maskini makao umempa tajiri mahali pazuri pa kuweka fedha yake, na uzuri wa mahali hapo ulitengenezwa na maskini yule yule.

Jambo hilo lilitokea pia pembeni mwa Barabara ya Morogoro. Mabasi yaendayo haraka yalipoanza kazi mwaka 2016, kutoka Kimara kwenda mjini, mwenye nyumba wa Manzese au Magomeni aliyekuwa amelala usingizi aliamka akiwa tajiri zaidi kuliko jana. Hakuongeza tofali wala hakupaka chokaa. Utajiri huo ulitoka katika mfuko wa taifa na katika deni ambalo hata mkulima wa Songea atalilipa. Yuko wapi basi mtu awezaye kusema kwa moyo mweupe kwamba bei nzima ni jasho lake?

Fikra hii si ngeni Tanzania. Mwaka 1958 Julius Nyerere aliandika kijitabu kiitwacho Mali ya Taifa, akipinga nia ya Serikali ya kikoloni ya kueneza umilikaji wa ardhi wa moja kwa moja usio na mwisho. Hoja yake ilikuwa kwamba mtu hakuiumba ardhi. Alichokifanya kwa mikono yake ndicho awezacho kukiita chake. Na ardhi ikiachwa iuzwe kama nguo, mwisho wake itaangukia mikononi mwa wachache wenye fedha. Mwaka 1963, baada ya Uhuru, umilikaji wa namna ile ulifutwa. Mpaka leo Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 husema kwamba ardhi yote ni ya umma, na Rais ni mdhamini wake. Mtu hupewa haki ya kuitumia kwa muda, usiozidi miaka 99. Kabla ya sheria hiyo kauli rasmi ilikuwa kwamba ardhi tupu haina bei, na kinachouzwa ni maendelezo tu, yaani kile kilichojengwa au kupandwa juu yake. Watu waliikwepa kauli hiyo kwa werevu: waliweka msingi wa tofali kumi, wakauza "maendelezo" kwa bei ya kiwanja. Sheria ya 1999 ilikiri kwamba ardhi ina thamani, na marekebisho ya mwaka 2004 yakalegeza zaidi mauzo ya kiwanja kisichojengwa. Kukiri kwamba ardhi ina thamani hakukuwa kosa. Kosa lilikuwa kutouliza kwa sauti: thamani hiyo imefanywa na nani, na sehemu yake irudi kwa nani?

Hapa mpinzani husimama. Husema: "Nyumba ni mali ya mwenyewe, auze atakapo, kwa amtakaye, kwa bei aipatayo. Jirani hana neno." Hoja hii huonekana ngumu kama jiwe, lakini haijapata kuwa kweli, si katika sheria ya nchi wala katika mila na dini za watu wa pwani. Kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 humkataza mume au mke kuuza nyumba ya ndoa, kuiweka rehani au kuigawa, bila ridhaa ya mwenzake, hata kama hati ina jina moja tu. Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika kupatikana kwa mali ya ndoa. Maana ya uamuzi huo ni pana. Ikiwa aliyepika, akafua na kulea ameshiriki kuijenga nyumba ambayo hakuitia tofali, basi si ajabu kudai kwamba waliozibua mfereji, waliolinda usiku na waliochangia zahanati wameshiriki kuijenga thamani ya nyumba ambayo hawakuitia tofali.

Wanazuoni wa Kiislamu nao walilijadili jambo hili kwa karne nyingi katika mlango wa shufaa, yaani haki ya mtu kutangulizwa katika ununuzi wa nyumba au ardhi inapouzwa. Katika madhehebu ya Shafii, yafuatwayo na Waislamu wengi wa pwani ya Afrika Mashariki, haki hiyo ni ya mshirika katika mali ambayo haijagawanywa. Katika madhehebu ya Hanafi hufika hata kwa jirani anayepakana. Walitofautiana mpaka wa haki, hawakutofautiana juu ya asili yake: mgeni anayeingia kwa fedha aweza kumletea madhara aliyekuwapo, na aliyekuwapo anastahili kusikilizwa kwanza. Kadhalika upo wakfu, ambao kwa huo mwenye nyumba huifunga nyumba yake isiuzwe wala isirithiwe, manufaa yake yakabaki kwa waliotajwa. Watu wa pwani waliutumia kwa ajili ya jamaa zao, mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1950, katika shauri lililotoka Kenya, Baraza la Mfalme huko London liliposhikilia kwamba wakfu wa jamaa peke yake haufai mbele ya sheria. Mlango huo ulipofungwa, haja haikufa. Yule mke mwenye kopo la rangi nyekundu anafanya wakfu wake mdogo, usio na kadhi wala mashahidi, ila wapita njia.

Hoja ya pili ya mpinzani ni kwamba mauzo huleta maendeleo: nyumba ya udongo huondoka, ghorofa husimama, mtaa hung'ara. Na itazamwe basi siku ya baada ya mauzo. Mnunuzi hujenga kwanza ukuta. Ukuta huo huchukua baraza, kisha huchukua hatua mbili za njia. Njia iliyopitisha jeneza, mkokoteni wa maji na watoto wa shule sasa hupitisha mtu mmoja mmoja, ubavu kwa ubavu. Mfereji uliokuwa wazi hufukiwa ili gari lipite getini, na mvua za masika zikija maji humwendea jirani wa bondeni, ambaye hakuuza wala hakununua. Uwanja wa wazi, ambao katika ramani ya Mipango Miji uliandikwa wa watu wote, siku moja huzungushiwa mabati. Wakiuliza, wenyeji huambiwa kwamba upo mwenye hati. Watoto huhamia barabarani na mpira wao. Haya si maendeleo ya mtaa. Ni maendeleo ya kiwanja kimoja juu ya mtaa.

Msiba huonyesha hasara hii wazi kuliko jambo lolote. Mtaani, mtu akifa, turubai hufungwa njiani, majirani huleta mikeka na masufuria, daftari la michango hufunguliwa, na mwenye kufiwa hawashi moto jikoni mwake. Hakuna aliyeajiriwa kufanya hayo. Mahali ambapo kila nyumba ina ukuta, mlinzi na mbwa, mwenye kufiwa hukodi turubai, hukodi viti, hukodi wapishi, na huwangojea ndugu wa mbali wafike kutoka mikoani. Kile alichokipata bure akiwa maskini anakinunua kwa fedha akiwa tajiri, tena hakipati chote. Fimbo ya mbali haiui nyoka, na ukuta mrefu huifanya hata fimbo ya karibu kuwa ya mbali.

Upande wa tatu wa habari hii ni muuzaji mwenyewe, ambaye watu humdhania kuwa ndiye aliyefaidi. Mara nyingi nyumba inayouzwa Magomeni au Ilala ni nyumba ya urithi. Baba amekufa, watoto ni tisa, vyumba ni sita. Chumba hakigawanyiki kwa mafungu ya mirathi, fedha hugawanyika. Dalali huijua hesabu hiyo kabla ya wenye msiba kuijua. Nyumba huuzwa, dalali huchukua lake, ofisi ya mtaa huchukua lake, wadai wa marehemu huchukua lao, na kinachobaki hukatwa vipande tisa. Kipande kimoja hakinunui nyumba Magomeni. Hununua kiwanja Chanika, Kivule au nyuma ya Bunju, mahali ambapo barabara ni vumbi, maji ni ya gari, na mama mjamzito huamka alfajiri kuitafuta hospitali. Huko mtu huanza upya: hufyeka, huchimba kisima, huchangia shule, hupigania nguzo za umeme, hujuana na majirani. Baada ya miaka ishirini mahali hapo panakuwa mtaa mwema, na dalali hufika. Hivyo ndivyo jiji lilivyopanuka kutoka watu 272,821 mwaka 1967 hata kufikia watu 5,383,728 katika hesabu ya mwaka 2022: maskini hutangulia wakitengeneza mahali, na mwenye fedha hufuata akipokea mahali palipokwisha kutengenezwa. Usiache mbachao kwa msala upitao, walisema wazee. Lakini ni vigumu kumlaumu aachaye mbacha ambao umekatwa vipande tisa.

Wako wanaodhani kwamba mtaa ukivunjika waweza kujengwa tena kwa saruji. Na watazame Kota za Magomeni. Mwanzoni mwa miaka ya 2010 kaya 644 ziliondolewa katika nyumba zile za zamani, nyumba zikabomolewa, na eneo likakaa tupu kwa miaka mingi. Mwaka 2022 majengo mapya ya ghorofa yalizinduliwa, na wakazi wa zamani wakapewa nafasi ya kurudi. Ni haki iliyotendeka, na yastahili kusifiwa. Walakini kati ya kuondoka na kurudi ulipita muongo mzima. Mtoto aliyeondoka akisoma darasa la kwanza alirudi kijana. Mzee aliyejua asili ya kila ugomvi na dawa yake pengine hakurudi kabisa. Jengo hujengwa kwa miezi. Ujirani hujengwa kwa misiba, harusi, mikopo midogo ya chumvi na magomvi yaliyosuluhishwa, na vitu hivyo haviwezi kuharakishwa na mkandarasi yeyote.

Haisemwi hapa kwamba kuuza nyumba ni dhambi. Mjane mwenye mgonjwa hospitalini hawezi kulipa dawa kwa ujirani. Nyumba yake ni akiba yake, na atakayemzuia asiiuze atakuwa amemnyang'anya. Wala haisemwi kwamba mtaa uwe ngome ya wenyeji, uchague nani aingie kwa kabila lake, dini yake au mfuko wake. Dar es Salaam ilikwisha kuonja ubaguzi wa namna hiyo. Chini ya wakoloni, Oyster Bay ilikuwa ya Wazungu, Upanga ya Wahindi, na Kariakoo, Ilala na Magomeni za Waafrika; na maneno uzunguni, uhindini na uswahilini hayajasahaulika mpaka leo. Mgeni njoo, mwenyeji apone: methali hiyo haina budi kubaki sheria ya mtaa. Lakini methali yenyewe ina masharti mawili. Mgeni anakuja, na mwenyeji anapona. Mauzo ya sasa hutimiza sharti la kwanza na kulisahau la pili.

Yapasa basi kufanywa nini? Yapo mambo manne, na hakuna hata moja lihitajilo mapinduzi.

La kwanza ni kwamba mauzo yasifanywe gizani. Katika mitaa isiyopimwa, mapatano ya mauzo huandikwa mbele ya mjumbe au mwenyekiti wa mtaa, mashahidi wakatia sahihi, na mambo yakaisha alasiri moja. Na iwe desturi kwamba kila nyumba inayouzwa itangazwe kwanza kwenye ubao wa ofisi ya mtaa kwa siku za kutosha, ili mke, mrithi, mpangaji na jirani wapate kusema walilo nalo. Nyumba ikiuzwa mchana, utapeli hupungua, na kopo la rangi nyekundu litabaki kwa fundi.

La pili ni kwamba njia, mifereji, visima, makaburi na viwanja vya kuchezea viandikwe katika daftari la mtaa pamoja na vipimo vyake, na kila hati ya mauzo itaje kile ambacho mnunuzi hapewi. Mali bila daftari huisha bila habari. Mali ya mtu mmoja ina mwenyewe wa kuililia. Mali ya wote isipoandikwa haina wa kuililia mpaka imekwisha kwenda. Kazi ya kuchora ramani hizo yafaa kuwa ya wanachuo, ambao wamo mjini humu humu, wana vipimo na wana miguu.

La tatu ni kwamba mpangaji aliyekaa miaka mingi, au jirani anayepakana, aulizwe kwanza kama anaweza kununua kwa bei ile ile aliyoitoa mgeni. Hii ni roho ya shufaa ikivikwa nguo ya sheria ya leo. Muuzaji hapotezi hata senti. Mtaa huenda ukapona.

La nne linahusu fedha. Katika mitaa mingi imezoeleka kwamba mwenye kuuza au kununua hutozwa asilimia 10 katika ofisi ya mtaa, na viongozi wa Serikali wameikemea desturi hiyo mara kwa mara. Wamekemea kwa haki, kwa kuwa fedha hiyo haionekani ilikokwenda. Hata hivyo ndani ya desturi hiyo mbovu mna kumbukumbu ya haki fulani: watu wanajua mioyoni mwao kwamba mtaa una sehemu yake katika bei. Dawa si kuikana haki hiyo, bali ni kuiweka katika sheria, kwa kiwango kidogo kinachojulikana, kiandikwe, kisomwe katika mkutano wa mtaa, na kitengeneze mfereji unaoonekana kwa macho. Kodi ya majengo nayo hukusanywa, tangu mwaka 2021, pamoja na malipo ya umeme. Ilipoanza, nyumba ya kawaida isiyo ya ghorofa ilitozwa Sh 1,000 kwa mwezi, iwe iko penye lami na maji au penye vumbi na kiu. Na mara nyingi mpangaji anunuaye umeme ndiye aliyelipa badala ya mwenye nyumba. Kiwango kikipanda au kikishuka, kanuni ya namna hiyo ni rahisi kwa mkusanyaji na si ya haki kwa mlipaji. Thamani iliyofanywa na wote haina budi kurudi kwa wote kwa kadiri ya mahali ilipokusanyika, na sehemu yake irudi kwenye mtaa ule ule.

Watakaosema kwamba mambo haya yatapunguza bei za nyumba hawana budi kusema pia kwa nani ni hasara. Kijana anayetafuta chumba karibu na kazi yake hatalia bei ikipungua. Mtu anayekaa nyumbani kwake na asiye na nia ya kuhama hatalia. Atakayelia ni yule anayeimiliki nyumba asiyoilala, katika mtaa asioujua, akiingojea siku ambayo jasho la watu wengine litaiva. Chozi lake si hoja.

Maandishi ya ukutani hufifia kwa jua na mvua, na mwenye nyumba huyapaka upya kila mwaka, hofu yake ikiwa ile ile. Siku itakapofika ambayo mauzo ya nyumba hufanywa mbele ya watu, kwa ridhaa ya wenye haki na kwa heshima ya waliopo, hatahitaji tena kuyaandika. Rangi itakayobaki katika kopo ipelekwe penye uwanja wa watoto, penye njia ya kisimani na penye ukuta wa makaburi, maneno yale yaandikwe huko, na mkutano wa mtaa uyatie sahihi.